Puto Halidundi

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Katana wamemnyoa Jumatatu:
maafisa watatu wa kaunti, kufuli, karatasi nyekundu mlangoni,
viti vyake vikapandishwa gari,
na kile cha kuzunguka kikawa kinazunguka peke yake
mpaka Buxton.
Mimi huku Majengo nikatia maji.
Nikaenda nikajiandikisha mtihani.

Miaka ishirini na sita nanyoa.
Sasa natakiwa nithibitishe kwamba najua kunyoa.

Usiku, tukishafunga,
binti yangu Mwanakombo hukaa kiti cha wateja,
miguu haijafika chini,
ananihoji kutoka kitabuni, kiazi karai shavuni.
"Taja tofauti ya kusafisha na kuua vijidudu."
Nataja.
"Mteja ana mapunye. Utafanya nini?"
Nitamwambia polepole, walio foleni wasisikie,
nitamwelekeza duka la dawa kwa Bi Tima,
na sitamtoza.
"Baba, hapa hawakuandika 'sitamtoza'."
"Andika wewe."
"Siandiki. Utakosa alama."

Lakini ya vitendo ndiyo iliyonitoa jasho.
Mwalimu, kijana wa juzi, ndevu zake nimezichonga mimi,
asema: puto. Lijaze pumzi, lipake povu,
linyoe kwa wembe mtupu, lisipasuke.
La kwanza lilipasuka, povu mpaka darini.
La pili vilevile.
La tatu lilipasuka kabla sijaligusa,
joto la Machi tu.
Saumu akaita toka jikoni:
majirani watadhani tuna harusi, au tumevamiwa.
La nne nikalishika nijuavyo kushika,
kiganja chini kama bakuli la uji lililojaa mpaka ukingoni,
dole gumba halikandamizi, linasikiliza.
Likatoka safi, linang'aa.
Nami nikabaki nimelishika tu,
maana mkono ulikuwa bado unangoja kitu.

Ulikuwa unangoja utosi.

Nimenyoa vichanga vya mtaa huu,
siku ya saba, siku ya arobaini, kila nyumba na ada yake.
Udi unafuka, bibi kakinga kitambaa
usidondoke hata unywele mmoja,
mama kaupa ukuta uso asione.
Na pale katikati, pasipo mfupa bado,
ngozi hupanda, hushuka, hupanda,
na wembe husubiri ishuke ndipo upite.
Hilo sikufunzwa. Marehemu baba alinipa wembe
akaenda zake kusali.
Kitabu kina kurasa mia na tisini.
Nimepekua. Hamna.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Changamwe.
Kila mtahiniwa aje na kichwa chake,
ndivyo barua ilivyosema, Mwanakombo akacheka mpaka akapaliwa.
Changu ni cha Bwanakheri, fundi wa friji,
miaka ishirini na miwili,
amefuga nywele miezi miwili kwa ajili yangu.
Bosi wake kamtishia kazi,
mamake hataki aonekane na wageni.
Jana alipita nizikague. Nikazipima kwa vidole, zinatosha.
Mkono ukapanda wenyewe katikati ya kichwa.
Mfupa. Mgumu kama kifuu.
"Kuna nini hapo? Mapunye?"
"Hamna. Nilipita hapa zamani."

Begi liko tayari: taulo mbili, shuka nyeupe, spiriti, poda,
nyembe mpya ndani ya karatasi zao,
puto moja la akiba.
Mwanakombo kalala kitini, kitabu kifuani,
kimefunuka palipo na magonjwa ya ngozi.
Nami kioo kinanionyesha ndevu za wiki mbili.
Kinyozi hajinyoi.
Katana atanipitia alfajiri anikwangue.
Duka hana, mkono anao.
Kasema atanitoza bei kamili,
na nimwekee chai.